Sigana ya Mchana

Bado ninaisikia: miguu ya dawati ikikwaruza sakafu, kwaruuu, mara tu matone ya kwanza yalipogonga mabati. Sikuhitaji kugeuka. Nilijua yule msichana mgeni ameshaingia chini ya dawati lake.

Alihamia kwetu, karibu na Kosele, kutoka Migori, baada ya mto kufurika na kumchukua mdogo wake. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha na hakuwa amesema neno darasani. Mimi masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Niliitwa tu kusaidia gredi ya tano kusoma, lakini tangu utotoni naota ualimu, na huyu mmoja nilitaka sana azungumze.

Alasiri moja ya mvua nikafunga kitabu, nikawaambia leo nawapa sigana, hadithi za nyanya zetu. Wakakataa kabisa. Mtoto wa Kijaluo anajua ukisimuliwa sigana mchana, unadumaa.

"Ticha, kwani wewe ulisimuliwa mchana?" mmoja akauliza.

Mimi ni mfupi, wala sifichi. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Basi tukakubaliana tutengeneze usiku. Leso yangu dirisha moja, masweta yao la pili, mlango tukausindika. Kukawa na giza kama nyumbani kwa nyanya. Nikaanza: sungura na mdogo wake wamefika kwenye mto uliofura, mdogo akatangulia majini. Hapo ndipo nikashtuka. Kwa hadithi zote nilizonazo, nimechagua ya mto. Nikaishia hapo. Wao wakanisukuma, halafu? halafu?

Sauti ikatoka chini ya dawati, nyembamba, kavu.

"Sungura asivuke. Akae hapo amngoje mdogo wake. Na watu wamletee chai."

Hakuna aliyecheka. Yule mtundu aliyeutania ufupi wangu akauliza polepole, chai na nini?

"Na nyoyo. Mahindi mengi ya kuchemsha, maharagwe kidogo."

Kesho yake msichana alianza kuiandika hadithi yote kwenye daftari. Wiki ya kufunga shule mvua ikaja tena. Nilingoja ule mkwaruzo, haukuja. Alisimama akaisoma, akishindana na mabati, na naibu wa mwalimu mkuu aliyekuwa anapita akasimama mlangoni mpaka mwisho. Siku hiyo, pamoja na ufupi wangu wote, nilikuwa mrefu kuliko mlango.

Walipokwenda nyumbani nilichukua ufagio, nikainama, nikafagia chini ya dawati lake, palipokuwa na alama za magoti.