Kona ya Kaskazini

Ardith Koehn alikuwa na siri moja tu maishani, na siri yenyewe ni ua. Usicheke. Katika konde lake la nyasi huko Kansas, ardhi isiyowahi kuguswa na plau, kona ya kaskazini ilikuwa na gugu la maziwa, mmea wa utomvu mweupe. Si lile la kila mtaro, bali lile adimu, la kichwa kimoja cha maua kilichoinama. Katika wilaya nzima lilibaki pale tu, na kwenye orodha ya jimbo liliandikwa "hatarini".

Shida ni kwamba nyasi hufyekwa Julai, nalo hukomaza mbegu Septemba. Miaka nenda miaka rudi linachanua, linafyekwa, linachipua, halina mtoto. Mumewe, Verlin, alipoligundua aliacha kuifyeka kona ile, akawa anaizunguka tu na trekta, miaka kumi na miwili. Bado mbegu hazikupatikana: mara ukame, mara kulungu wamelila. "Nataka nione sufi ya mbegu zake ikipeperuka, mke wangu. Mara moja tu," alikuwa akisema. Machi akafariki. Hawakuwahi kumwambia mtu, kwa kuogopa wezi wanaochimba mimea adimu.

Mwaka huohuo, jamani, likashika maganda mawili ya mbegu! Kila asubuhi Ardith alikwenda kuyatazama, akitamani Verlin angekuwepo ayaone.

Julai dada yake akampeleka mjini kutolewa mtoto wa jicho. Pale kwao mjane hafyeki nyasi zake mwaka wa kwanza, majirani hufyeka. Ardith aliijua desturi hiyo fika, ila alidhani watakuja wiki ijayo, naye atasimama mwenyewe konani wasiifyeke.

Aliporudi, trekta nne zilikuwa uani, na viazi vya jibini mezani.

"Karibu nyumbani, Bi Ardith!" jirani yake Delmar akapaza sauti, jasho likimtiririka. "Leo hukuti hata unyasi. Verlin alikuwa mvivu wa kona, Mungu amrehemu, ila sisi tumezimaliza zote!"

Wakacheka. Ardith naye akacheka, kwani angefanyaje? "Asanteni, wanangu. Mungu awabariki. Kuleni."

Kisha akaenda konani peke yake, akapiga magoti. Shina lilikuwa limekatwa sawasawa na ardhi, utomvu mweupe bado haujakauka.

"Verlin," akasema, "si ningewaambia tu."