Mizani ya Samaki na Mnyanyua Vyuma

Juzi, gatini Nchelenge, binti yetu anayeliwakilisha taifa katika kunyanyua vyuma alipanda juu ya mizani ya mchuuzi wa samaki. Kesho anasafiri kwenda mashindanoni ng'ambo. Akizidi kilo hamsini na tisa, hataruhusiwa kushindana. Mshale ukasimama kwenye hamsini na nane. Wavuvi wa kisiwa cha Chisenga, wanaomuuzia mchuuzi huyo samaki kwa kilo, wakashangilia, lakini yeye akamgeukia mchuuzi.

“Papa, hii mizani inasemaka kweli? Safari yangu iko mu mikono yako.”

Mchuuzi akajifuta uso mara mbili.

“Mutoto wangu, ongeza kilo mbili. Leo usikule.”

Binti akashuka, akaanza kukimbia ufukoni atoe jasho, nami naamini atafuzu. Wavuvi hawakumfuata. Walimzunguka mchuuzi, na mmoja akauliza kwa upole mwingi: “Papa, na kwa samaki yetu, tuongeze ngapi?”