Nyumba Ilibaki Langoni

Joram fundi alikuwa na nyumba, msidanganywe na mtu. Ila nyumba yenyewe ilikuwa na magurudumu. Alinunua lori kuukuu hapo Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, injini ikiwa imekufa kabisa, akalifufua kwa mikono yake, kisha nyuma akalijengea chumba cha mbao chenye mlango, pazia na kitanda. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vinu vya posho. Leo yuko Ahero, kesho Pap Onditi, wiki ijayo Luanda Kotieno, na usiku analala palepale kazi ilipomwachia. Nyuma ya lori alikokota kigari cha Renault, aina ile watu waliyoiita Roho, kwa sababu vinu vingi viko ndani ndani ambako lori halipiti. Akifika mahali anafungua kigari, anazunguka nacho mchana kutwa, jioni anakifunga tena. Aliyapenda maisha hayo jamani! Hata akiwa amelala chini ya gari, uso umejaa grisi, utamsikia anapiga mluzi.

Shida ilikuwa ukweni. Yeye na Awuor walipendana, hilo halina ubishi, lakini huko kwao Awuor, Nyakach, maneno yalikuwa yametangulia. Eti fundi hana boma, analala ndani ya gari kama utingo! Mama Perez, mamake Awuor, akasema wazi kwamba yeye hakuzaa mtoto aje kuolewa na barabara. Hata hivyo akamwita Joram aje aonekane, ndipo atoe neno lake la mwisho.

Basi Jumamosi moja Joram akavaa suti, akajaza kigari sukari, mikate na kitenge cha mama mkwe, akakifunga nyuma ya lori kama kawaida, akashika njia na Awuor kando yake. Boma lilikuwa chini ya mteremko. Kabla hawajafika langoni, Walter, kakake Awuor, akatoka mbio akipunga mikono.

"Simama hapo hapo, shemeji! Unamletea mama mkwe kitanda?"

Yawa! Joram akajipiga paji la uso. Kwao mkwe halali kwa wakwe zake, haipo hiyo, sembuse kupitisha langoni nyumba nzima na godoro lake! Awuor naye akainama, kwani hata yeye hakukumbuka.

"Basi lori libaki nje," akasema Joram. "Nafungua kigari, tuingie nacho."

Akazungusha lori kwenye malisho hadi kichwa kikatazama juu, kulikotoka njia, na kigari kikabaki nyuma, kisogo kikielekea lango. Kufungua kigari ilikuwa kazi yake ya kila siku, angeifanya akisinzia. Lakini siku hiyo wazee walikuwa wamekaa uani wakimtazama, na Mama Perez amesimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni. Joram aliogopa, tusifiche. Jasho lilimtiririka. Akavuta pini ya chuma kilichounganisha magari mawili, ikakataa, maana uzito wote wa kigari ulikuwa unaivuta kuteremka. Akaomba nyundo. Akagonga, akagonga tena, pini ikaruka.

Hakuwa ameweka jiwe nyuma ya gurudumu. Fundi mzima!

Kigari kikaanza polepole, kikachanganya, kikapita langoni kinyumenyume na sukari yake na mikate yake. Kuku wakatawanyika. Mzee Enos, baba mkwe, akaruka na kiti chake mkononi. Joram akakikimbiza na tai yake begani, akipiga kelele, "Samahani, wazee! Samahani!" Kigari kikaenda kujichomeka kwenye lundo la nyasi za ng'ombe, kikatulia.

Joram alitamani ardhi immeze. Halafu Mama Perez akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa leso. "Zawadi zina haraka kuliko mwenyewe!" akasema, na boma zima likaangua kicheko.

Wakala vizuri, samaki na kuku, wakanywa chai. Lakini neno la mwisho Mama Perez hakulitoa. Kisha mvua ikapiga, na jua lilipoanza kushuka njia yote ilikuwa tope jeusi ambamo gari haliwezi kutoka. Mzee Enos akatazama nje, akakuna kichwa. Mkwe kulala hapa ni mwiko, kumfukuza kwenye mvua ni aibu. Wakaanza kuulizana ni jirani gani ana nafasi.

Joram akasimama, akakohoa kidogo. "Mzee, msihangaike. Nyumba yangu iko pale nje ya lango."

Wote wakageuka kulitazama lori, na pazia lake dirishani.

"Na kigari je?" akauliza Walter.

"Kigari kilale hapa. Chenyewe hakina kitanda."

Joram akaaga, akavuka lango, akaingia kwake. Mama Perez alimsindikiza kwa macho mpaka taa ilipowaka nyuma ya pazia. Akajaza chai kwenye birika, akaifunika, akampa Walter.

"Peleka kwa mkwe wangu," akasema. "Na ubishe hodi kwanza. Ile ni nyumba ya mtu."