Jini Hatoi Notisi

Taarifa ya kifo chake niliipata Jumanne kwenye kundi la WhatsApp la klabu yake, na jibu la kwanza lililoandikwa chini yake halikuwa pole. Mwanachama mmoja aliuliza kama kuna mtu aliyeona jambo lisilo la kawaida nyumbani kwa marehemu kabla hajaanguka bafuni. Wa pili akamkumbusha kwamba marehemu alikuwa na presha na dawa alikuwa hamezi. Wa tatu akaandika: "Basi hilo lina jibu. Tufunge faili." Pole zilikuja baadaye, zikiwa na picha za mishumaa. Nilicheka, kisha nikaona kwamba yeye mwenyewe asingeona kosa lolote katika mazungumzo yale. Ndiye aliyewafundisha kufikiri hivyo.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaifahamu klabu hiyo, maana niliwahi kuicheka humu humu kwenye safu hii. Ni watu wasiozidi meza mbili, wanaokutana Jumamosi mchana nyuma ya baa moja ya Sinza kabla muziki haujafunguliwa: walimu, fundi simu, muuza duka la dawa. Kazi waliyojipa ni kuchunguza mianga isiyoeleweka angani, nyumba zinazosemwa zina majini, na kila kitu kilichoushinda mtaa. Marehemu, mpima ardhi mstaafu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hakuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa na majivuno ya aina yake, majivuno ya kutojua. Wengine hujisifu kwa wanayoyafahamu. Yeye alijisifu kwamba hajawahi kutamka kitu asichokipima. Kila uchunguzi aliufunga kwa sentensi moja kati ya mbili: "Jibu tunalo," au "Hatuna jibu bado." Sentensi ya tatu alikuwa hana.

Kuna wakati Tegeta watu walianza kuona taa nyekundu imening'inia angani kila jioni, haisogei, haizimiki. Mchungaji mmoja akaihubiri. Akina mama wakaacha kuanua nguo wakiwa peke yao. Marehemu alifika na kipimapembe cha shuleni kilichofungwa uzi na jiwe, akapima kutoka pembe mbili za mtaa, akachora mistari, halafu akatuongoza kwenye vichaka hadi chini ya mnara mpya wa simu ambao mwili wake haukuonekana vizuri kwa sababu ya giza la jioni na miti. "Jibu tunalo," akasema, akionyesha taa ya kileleni. Nilitarajia watu wafurahi. Dada mmoja alimtazama kwa hasira kama mtu aliyevunjiwa chungu. "Sasa mzee, umefaidika nini?" akauliza. "Sie tulikuwa na kitu chetu hapa, umekuja kutugeuzia mnara." Marehemu alirudi nyumbani ameridhika kabisa. Alipenda kuwaudhi watu kwa ukweli. Aliona ndiyo dalili ya kazi nzuri.

Ndipo ikaja Chamazi. Mwenye nyumba mmoja aliwapigia simu akisema mawe yanaanguka juu ya bati la nyumba yake ya kupangisha, mchana kweupe, na mrushaji haonekani. Chumba kilichopigwa zaidi kilikuwa cha mama mmoja mjane kutoka kusini, mwenye chale za zamani usoni, aliyekuwa akiishi kwa kuuza maandazi na chai mlangoni pake. Mtaa ulikuwa umeshaanza kunong'ona. Mama wa kusini, anaishi peke yake, ana chale, mawe yanamfuata: wao hawakuhitaji kipimapembe. Kwa hiyo siku ile klabu ilipofika, chumba cha yule mama, riziki yake na jina lake vilikuwa mikononi mwao, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Mwalimu mmoja wa klabu aliniambia kwamba aliwapokea kwa furaha, akawapa viti. "Karibuni wanangu," alisema. "Tafuteni vizuri. Mkiona, mseme kwa sauti, wasikie."

Walitafuta vizuri. Walikagua miti ya jirani, wakachunguza kunguru, wakaangalia kama bati linapasuka kwa joto, wakamhoji mama hadi akachoka. Mawe yalianguka mara mbili wakiwa pale pale uani, na majirani wote walikuwa mbele ya macho yao. Mtu pekee ambaye hakuwepo ni mwenye nyumba, aliyekuwa amekwenda kuwanunulia soda. Hawakumhesabu. Kanuni ya klabu, iliyotungwa na marehemu, ilisema aliyeleta taarifa ni shahidi, na shahidi hachunguzwi, anasikilizwa. Wakanywa soda zake. Jioni mtaa ulipojaa uani, mwenye nyumba akauliza kwa adabu, tena kwa sauti: "Wataalamu, ni binadamu au si binadamu?" Marehemu akasimama na kusema alichokuwa akikisema siku zote: "Hatuna jibu bado."

Kwake yeye neno zito lilikuwa "bado". Kwa mtaa hilo neno halikutamkwa. Walichosikia ni kwamba watu wenye vipimo wamekuja kutoka mjini, wametafuta binadamu, wamemkosa. Kesho yake hakuna aliyenunua andazi hata moja. Wiki haikuisha, vyombo vya mama vikawekwa nje, ndoo yake ya unga ikamwagwa mtaroni, na akaondoka kwenda kwa mpwa wake Mbagala huku watu wakimfungia milango ili asiwatazame. Mawe yalikoma siku hiyo hiyo. Mtaa ukapata uthibitisho.

Marehemu alikuwa na tabia ya kurudi alikokosa jibu, na safari hiyo aliniomba nimsindikize. Tulikuta ukuta wa chumba cha mama umebomolewa na mafundi wanainua fremu tatu za maduka zinazotazama barabara, ambayo wakati huo ilikuwa inawekwa lami. Mwenye nyumba alitupokea kwa bashasha. Marehemu alimtazama kwa muda mrefu, akatazama tangi la maji la nyumba ya nyuma, ambalo mtu mzima anaweza kujificha nyuma yake, kisha akauliza kwa upole, "Ni wewe?"

"Mzee wangu, usiumie," mwenye nyumba akajibu akicheka. "Mie shuleni nilikuwaga narusha mkuki. Ningemwambia ahame kwa sababu ya fremu angenipeleka kwa mjumbe, tungeanza habari za notisi. Jini hatoi notisi." Akamshika bega. "Tena nakushukuru. Kuna jamaa alitaka nimlipe aje aseme ameona shetani. Nikasema hapana, huyo watamjua ni mwongo. Leteni yule mzee mkweli."

Nimeandika habari za mji huu kwa muda mrefu na sijasikia maneno yanayoueleza vizuri zaidi. Tumezoea kuwaogopa wataalamu wa uongo: mpimaji anayehamisha jiwe la mpaka, daktari anayeuza cheti. Hao tunawajua na tunajihadhari nao. Ila siku hizi mwenye njama hahitaji kumhonga mtu. Anatafuta mwaminifu, anamwekea mbele yake swali lililokatwa kwa kipimo, na kumwacha aseme ukweli wake wote. Mwaminifu anaondoka dhamiri nyeupe. Nyuma yake vyombo vya mtu vinawekwa nje.

Kutoka pale marehemu alizunguka mtaa mzima akieleza, akaenda hadi serikali ya mtaa. Kisha tukaenda Mbagala. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya mpwa wake, mikono mitupu, asubuhi ambayo zamani ingemkuta kwenye karai la mafuta.

"Mama, jibu tumelipata," marehemu akasema. "Wewe si mchawi."

"Hilo nilikuwa nalijua, baba. Wasiojua walikuwa wao. Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

Angeweza kudanganya. Mtu mwingine yeyote angedanganya. "Wamesema umeniloga," akajibu.

Mama alicheka kicheko kifupi, kikavu. "Basi ondoka mapema. Usije ukafia mkononi mwangu, wakaniongezea na wewe."

Juzi, baada ya maziko, nilipita Chamazi. Muuzaji wa moja ya fremu zile aliniuliza kama ni kweli yule mzee wa vipimo amefariki. Nikamwambia ni kweli, kwa presha. Akatikisa kichwa, akateremsha sauti. "Presha wapi, braza. Yule bibi alikuwa hajamwacha."

Kwa hiyo sasa mama yule amehesabiwa na maiti. Ukweli wa marehemu ulimnyang'anya chumba, na kifo chake kimemwongezea mauaji, na hakuna siku hata moja ambayo mzee yule alisema neno la uongo. Mtu akikuita mbele za watu umwambie unachokijua na usichokijua, usifungue mdomo kabla hujamtazama vizuri yeye aliyekuita, na soda zake uziache mezani.