Miaka Aliyojiongezea Magokoro

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima ni hili: nikisema ukweli kuhusu umri wa bibi yangu, nitakuwa nimedanganya?

Magokoro, kama tunavyomwita bibi huku kwetu, alikuwa na mtoto wa jicho. Alichuma majani chai kwa kupapasa. Nikampeleka Kisii mjini kwa wakala wa kampuni ya bima ya matibabu, na dada yake mkubwa akatusindikiza. Kampuni haikuandikisha mtu mpya aliyepita miaka sitini na mitano.

Wakala alitazama vitambulisho. Dada mtu alikuwa na sitini na mitatu, akakaribishwa. Magokoro alikuwa na sabini na miwili.

"Lakini huyu ndiye mdogo," nikasema.

"Mimi nilimbeba mgongoni," dada yake akaongeza.

"Kwa hiki kitambulisho, nyanya, wakati huo wewe ulikuwa hujazaliwa," wakala akamwambia.

"Ndiyo maana alinilemea."

Walipoandikishwa vitambulisho ujanani, dada alikuwa anachumbiwa, akajipunguzia miaka. Magokoro tayari alikuwa na mtoto, akaogopa kuambiwa bado ni msichana mdogo, akajiongezea. Mimi, mwenye miaka ishirini na mitano na shahada ya uchumi, nilipewa bei ya chini kuliko wote.

"Wewe wanakupenda kwa sababu huna haja nao," Magokoro akaniambia tukishuka ngazi.

Nikapanga kusahihisha umri wake: kiapo kwa wakili, kadi ya ubatizo, barua ya chifu.

"Na zile pesa za wazee?" akauliza. Serikali huwapa waliofika sabini, naye alikuwa akizipokea. "Ukinirudisha nyuma, si watasema nimewaibia?"

Hilo sikuwa nimeliwaza, na mimi huwaza kila kitu. Nikimwacha mzee, jicho linapotea. Nikimfanya kijana, anakuwa mshtakiwa, nami shahidi. Nilifikiria hata sauti nitakayotumia mahakamani.

Ilibaki bima ya serikali. Hiyo haijali umri. Inauliza nyumba na mali, kisha inataka malipo ya mwaka mzima kwa mpigo. Mimi nilikuwa na akiba ya kulipia bima yangu ya kampuni, kwa maana kila asubuhi nilijipima mapigo ya moyo na sikuyapenda. Nikajiuliza ni haki gani mzima amlipie mgonjwa. Kisha nikamwona Magokoro akisalimia gunia la mbolea mlangoni, akalingojea liitikie.

Asubuhi yake tukaenda saiba, duka la kompyuta na intaneti, kumwandikisha. Kijana wa pale akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akahesabu na wa mwanawe anayeishi Birongo, asionekane hana kitu. Bei ikapanda.

"Magokoro, hao si wako."

"Nimezaa mwenye nao."

Nikatoa simu, nikalipa mwaka wote kwa ile akiba yangu, kisha nikamshika mkono tukaenda kliniki ya macho kuomba siku ya upasuaji.