Hesabu ya Viazi vya Lukafu

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile kule Lukafu zilinipanda mpaka kichwani. Kazi yangu ya chuo nilikuwa nimeimaliza, imebaki kuitetea mbele ya maprofesa hapa Lubumbashi baada ya majuma matatu tu. Nilirudi kijijini na sabuni na chumvi kumshukuru mama mkulima aliyenipa malazi nilipokuwa nachuma majani ya viazi vitamu ya kupima maabara.

Kazi yenyewe ilikuwa kukadiria aleli moja, yaani sura moja ya jeni, ina wingi gani katika viazi vya kule. Sisi watu tuna nakala mbili za kila jeni. Kiazi kitamu kina sita! Mashine ya maabara inakuambia aleli ipo, haikuambii ni nakala ngapi kati ya sita. Hizo unazikadiria mwenyewe kwa hesabu. Nilihangaika nayo miezi, nikaiweza, na aleli yangu ikatokea karibu kila shamba. Nilijiona bingwa.

Nikamsomea mama orodha ya mashamba arobaini na wenyewe. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Weye mutoto! Karibu yote iko ya kwangu. Binti akiolewa, namukatia matembele aende kupanda kwake. Huyu binti yangu, huyu wa dada yangu, huyu nilimusimamia ubatizo."

Kiazi hupandwa kwa shina lililokatwa, na shina hilo ni mmea uleule. Nilikuwa nimehesabu mmea mmoja mara kumi, mara kumi na tano. Karatasi za maabara zilinionyesha mimea inayofanana kabisa, nami nikafurahia tu, mjinga mimi.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nilimfokea. Naona aibu hadi leo.

"Haukuniuliza," akajibu, akavaa viatu. "Tuende."

Siku mbili alinitembeza shamba kwa shamba, akinieleza kila shina lilitoka kwa nani. Nilipolinganisha na karatasi zangu, hakuwa amekosea hata mara moja. Mashamba arobaini yalikuwa na mimea kumi na mmoja tu. Nikauhesabu kila mmoja mara moja, na aleli yangu ya ajabu ikashuka, ikawa ya kawaida kabisa.

Siku ya kutetea, mwenyekiti wa jopo aliuliza nilijuaje kwamba ni mmea mmoja. Nikamwelekezea mama wa Lukafu, amekaa nyuma na kitenge chake kipya. Alikuja na lori la makala, yaani mkaa. Profesa akamwomba asogee mbele, akaanza kumuuliza yeye: shina lipi linavumilia ukame, lipi limetoka Kambove, lipi limepotea. Wenzake wakachukua kalamu. Mimi nikabaki nimesimama, hakuna anayenikumbuka, na sijawahi kufurahi vile maishani.

Nilifaulu. Diploma ina jina langu peke yake. Yeye alipanda lori asubuhi iliyofuata, akawahi palizi.