Ziara ya Tatu

Watu wanapenda kusema mshika mbili moja humponyoka. Wanasema hivyo wakiwa wameketi. Mukai alishika nne: kazi, watoto, masomo na mama yake, na kwa miaka miwili na nusu hakuna hata moja iliyomponyoka. Mwaka huu anarudia darasa, na wenzake waliomaliza wananong'ona ati alizembea. Wasije kumsema hivyo mbele yangu. Mimi najua kilichotokea, na sehemu yangu ninayo.

Mimi ni Njambi, au Mama Wahome ukipenda. Nachapa. Nina kibanda ghorofa ya pili kwenye jengo moja karibu na Moi Avenue: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi yenye kiburi, na ile ya kutoboa karatasi na kuzitia springi. Wanafunzi wa vile vyuo vya ghorofani huniletea maandishi ya mkono, mimi nayageuza kitabu. Ukiwachapia watu miaka kumi na moja, unawajua kuliko mchungaji wao.

Mukai alikuwa nesi wa cheti katika kliniki ndogo ya akina mama huko Satellite, mwaka wake wa kumi na nne. Wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika sindano walikuwa wameenda, wakarudi na diploma, wakawa wakubwa wake, na sasa wanamtuma chai. Hilo lilimuuma, na mimi lingeniuma pia. Mumewe, Masila, ni dereva wa lori la Malaba, leo yuko, kesho hayuko. Watoto ni wawili: Beryl wa miaka tisa na Kitavi wa miaka mitatu, mwenye kifua kibovu.

Basi akajiandikisha masomo ya mbali. Masomo yenyewe yako kwenye simu, na kila wiki ya pili, Jumamosi, wanakuja darasani huku mjini. Simu yake ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Alisoma kwenye kile chumba cha kliniki cha kuchemshia vyombo, alisoma akisonga ugali, alisoma kanisani simu ikiwa ndani ya kitabu cha nyimbo, Mungu amsamehe. Siku moja aliniletea daftari lina doa la mchuzi katikati ya mchoro wa figo. Nikamwambia, "Mama Beryl, hii figo imeiva." Tulicheka mpaka wateja wakatuangalia.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufuata mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa wa kudumu. Anamtembelea nyumbani mara tatu, anampima, anamuuliza maswali, kisha anaandika kitabu. Chuoni wanakiita kesi, kama ya mahakamani. Mukai akamchagua mama yake, aliyekuwa na presha. Alijipigia hesabu yake: kwa mama alikuwa hafiki ila mara moja kwa miezi miwili, ingawa kutoka Satellite hadi Woodley si mbali. Sasa masomo yangemlazimisha kwenda. Aliniambia hivyo kwa furaha, kama mtu aliyepata njia ya mkato.

Mama huyo aliishi Woodley, kwenye nyumba ya zamani ya kaunsili ambayo marehemu mumewe alipewa alipokuwa fundi wa maji wa jiji. Alikuja kibandani kwangu mara moja, baada ya ziara ya kwanza. Mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cha zambarau kichwani. Alipanda zile ngazi zote, akapumzika kila ghorofa, akafika na kopo la muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akanipa. Ati mtu anayeandika maisha yake hawezi kukaa njaa.

"Mko na mimi hapo ndani?" akauliza, akionyesha kompyuta kwa kidole.

"Tuko nawe, mama," nikamjibu. Nikamgeuzia kioo. Yote yalikuwa Kizungu, kwa hiyo Mukai akawa anamwelezea kwa Kikamba, na mzee anaitikia kwa kichwa, sawa, sawa, hiyo ni kweli, chumvi nilipunguza. Kisha akasimama.

"Jina langu liko wapi?"

"Mwaitu, majina hayaruhusiwi," Mukai akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake. "Tunaweka herufi mbili tu. R.S."

"R.S. ni nani? Mimi ni Rhoda Syombua Kitonga. Nimetoa mkono wangu ukafinywa na mashine, nimekuambia mpaka mambo ya choo, halafu unaninyima jina?"

"Ni siri ya mgonjwa, Mwaitu. Ni kukulinda."

"Nilindwe na nani? Niandike." Alinigeukia mimi, kwa maana aliona mwenye kompyuta ndiye mwenye mamlaka. "Wewe mama, niandike."

Nilicheka, nikasema tutaona. Sikuandika. Alishuka ngazi akinung'unika kwa lugha yao.

Mukai alikuwa akinisimulia zile ziara, na ndipo nilipompenda yule mzee kabisa. Siku ya kutembelewa hakukubali kuwa mama. Alivaa gauni la Jumapili na kile kitambaa cha zambarau. Aliketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, akakunja mkono wa kushoto wa gauni juu ya kiwiko, akangoja. Mukai akiingia, anasalimiwa, "Karibu, sista." Sista! Na ni yeye aliyemzaa. Anajibu maswali yote kwa adabu, na akiwa na ugonjwa wowote anauficha wiki nzima ili autoe siku hiyo, ndipo nesi apate cha kuandika. Presha ikishapimwa na kuandikwa, anakunjua mkono wa gauni, anasimama na kusema, "Haya, nesi ameenda. Mukai, kuja tunywe chai."

Ziara ya kwanza, ziara ya pili. Presha ilikuwa inashuka polepole, na Mukai alijivunia.

Ziara ya tatu ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya kifua cha Kitavi, mara ya pili kwa sababu ya kliniki. Mwishowe wakapanga Jumapili. Kitabu kilitakiwa chuoni Jumatatu saa sita mchana, na anayechelewa anangoja mwaka mwingine. Jumamosi hiyo, baada ya darasa, Mukai akaja kwangu, akaketi kwenye benchi ya plastiki, akashika kichwa.

"Mama Wahome, imeisha. Msimamizi amenipigia sasa hivi. Mwenzangu amefiwa na baba, kesho ni mimi naingia shifti yake, asubuhi mpaka jioni."

"Basi enda Woodley saa hii."

"Kitavi ako na homa. Nimemwachia Beryl tangu asubuhi. Beryl mwenyewe ni mtoto."

Niliangalia kompyuta. Kitabu kizima kilikuwa tayari isipokuwa ukurasa mmoja. Kulikuwa na foleni ya watu watatu nyuma yake, na mimi nilikuwa na mandazi mdomoni. Haki ya Mungu nakumbuka hata ladha yake.

"Kwani huyo si mamako?" nikamwambia. "Si unajua vile ako? Andika tu. Nani atajua?"

Akanitazama. "Presha siwezi kubuni."

"Ya mwisho ilikuwa ngapi? Punguza kidogo."

Ni mimi niliyesema hayo. Sikusukumwa na mtu, wala sikulipwa. Nilimwonea huruma, ndiyo, lakini pia nilitaka foleni isonge.

Akachukua kalamu. Mwandiko wake mzuri ule ukawa unapinda. Nikachapa kama alivyoandika: mgonjwa yuko katika hali nzuri, anameza dawa kwa wakati, halalamiki kuumwa na kichwa, presha ni mia moja thelathini na nane kwa themanini na sita. Kisha akatoa simu ampigie mama, amwambie asimngoje Jumapili. Ilikuwa imezima, chaji imeisha. "Nitampigia nikifika nyumbani," akasema. Alipofika nyumbani Kitavi alikuwa anawaka moto, akambeba mgongoni mbio hadi kwa daktari. Siku iliyofuata aliingia kazini alfajiri, akazalisha wanawake watatu. Hakupiga. Alisahau, na mimi simshangai, ila yeye mwenyewe hajajisamehe hata leo.

Jumatatu alikuja saa tatu na nusu, sare ya kazi chini ya sweta. Nilikuwa nimemaliza nakala tatu, majalada ya samawati, karatasi bado zina joto la mashine. Alikuwa anafungua ya kwanza, anatabasamu, simu ikalia. Ilikuwa jirani wa Woodley, Mama Wainaina. Simu ile mbovu hupaza sauti, nikasikia kila neno.

"Mukai, kuja. Mama ako hapa kwa kiti. Anapumua lakini haongei. Mdomo umeenda upande."

"Tangu lini?"

"Mimi najua? Jana asubuhi kichwa kilikuwa kinamuuma mpaka anashika ukuta. Nikamwambia twende hospitali, akakataa kabisa. Akasema nesi wake anakuja siku hiyo hiyo, atampima yeye mwenyewe, ataandika. Nikaenda kanisa. Kurudi jioni nikaona mlango umefungwa, nikajua umekuja ukamchukua."

Mukai aliweka kile kitabu kwenye meza yangu, kikiwa wazi, akashuka ngazi. Mimi nikabaki na foleni yangu na ule ukurasa, na ule ukurasa unasema halalamiki kuumwa na kichwa. Niliwafukuza wateja wote. Nikafunga.

Mama Rhoda aliishi siku tatu bila kusema neno. Nilienda hospitali mara mbili. Mukai alikuwa ameketi kando ya kitanda, na kila saa anampima presha kwa mashine yake mwenyewe, ingawa manesi wa wodi walikuwa wamempima. Anaiandika kwenye kijitabu. Anapima tena. Alhamisi asubuhi hakukuwa na cha kupima. Woiye, mama wa watu.

Tulimzika kwao Mwala. Kwenye basi niliketi na Mama Wainaina, na ndiye aliyeniambia nilichotaka nisikisikie. Alipovunja mlango ule Jumatatu, alimkuta mzee na gauni la Jumapili na kitambaa cha zambarau, kwenye kiti cha karibu na mlango. Mkono wa kushoto wa gauni umekunjwa juu ya kiwiko. Inaonekana alikaa hivyo Jumapili yote. Niligeukia dirishani nikalia mpaka Machakos, na Mama Wainaina akadhani ni uchungu wa msiba tu.

Wiki iliyofuata Mukai akaja kibandani, amevaa nyeusi, amekonda. Chuo kilikuwa kimemwongezea wiki mbili kwa ajili ya msiba. Mwalimu wake, mtu mzuri, alimwambia, "Kama kitabu kilikuwa tayari, lete hivyo hivyo. Usijitese." Nikainama chini ya meza, nikatoa zile nakala tatu za samawati, nikazipangusa kwa kanga.

"Ziko hapa," nikasema. "Peleka, Mama Beryl. Mama angetaka umalize."

"Fungua kompyuta."

"Mukai."

"Fungua. Enda ziara ya tatu. Futa yote."

Nikafuta. Kwa haraka nikafuta na ya pili, ikabidi niirudishe.

"Andika," akasema. "Ziara ya tatu haikufanyika. Mwanafunzi hakwenda, wala hakupiga simu. Mgonjwa alikuwa akiumwa na kichwa. Alimsubiri mwanafunzi siku nzima akiwa amekunja mkono wa gauni."

"Watakurudisha mwaka mzima. Pengine wakufukuze."

"Najua."

Hapo sikuvumilia tena. Nikaacha kompyuta. "Ni mimi nilikuambia uandike. Nilisema nani atajua. Nitukane basi, Mukai. Waambie chuoni ni mimi."

Nilitamani anipige kofi, ningepata nafuu.

"Wewe ulisema," akajibu. "Mkono ulioandika ni wangu. Na simu ilikuwa yangu. Chapa, Mama Wahome, nina shifti saa nane."

Nikachapa neno kwa neno. Nilipomaliza nikanyoosha mkono kwenye mashine nitoe nakala, akanizuia.

"Bado. Rudi ukurasa wa kwanza. Pale R.S., futa."

"Hawakubali majina."

"Futa."

Nikafuta zile herufi mbili, nikaandika: Rhoda Syombua Kitonga. Nikamgeuzia kioo, kama nilivyomgeuzia mama yake siku ile. Mukai akaniambia nilisome jina kwa sauti. Nikaanza, nikafika Syombua, nikashindwa. Akalimalizia yeye.